Kijana anataka kompyuta ndogo inayopozwa kwa maji. Mama atoe pesa?



Swali la wiki hii limetoka Mangobo. Mama mmoja anapokea zamu yake ya likelemba mwisho wa mwezi. Mwanawe wa miaka 22 anapiga video za ndoa na za matanga, kisha anafanya montaji nyumbani. Si mchezo wa watoto: pesa ya video ndiyo iliyolipa minervali ya dada yake mwaka uliopita. Lakini laptopu yake imechoka. Video ya saa 2 anaiacha mashine ifanye kazi usiku kucha, asubuhi anaikuta imezimika yenyewe kwa joto, na bibi harusi anapiga simu kuuliza kazi yake iko wapi.

Sasa kijana anaomba pesa ya zamu ajenge kompyuta mpya, kipande kwa kipande. Anataka sanduku dogo, maana anatembea nalo kazini, kwa pikipiki na hata kwa mtumbwi kuvuka kwenda Lubunga. Na ndani yake anataka mashine ipozwe kwa maji. Mama anauliza mambo mawili. Maji na umeme ndani ya sanduku moja, hiyo ni akili gani? Na kwa nini sanduku tupu, chuma tu, linauzwa bei ya mbuzi?

Jibu langu: kijana hana wazimu. Kompyuta za namna hiyo zipo, na kwa mtu anayetembea na mashine zina faida yake. Lakini nilipoona orodha aliyoandika, sanduku liko mstari wa kwanza, na amelichagua kwa picha. Hapo ndipo pesa ya mama inapoweza kupotea. Sanduku la kompyuta, lile mafundi wetu wanaliita buatie, linachaguliwa kwa kuangalia joto litatokea wapi, na nani ataitengeneza mashine hapa Kisangani siku itakapoharibika. Uzuri wake ni jambo la mwisho.

Tuanze na hayo maji. Wengi wetu tumeona namna lotoko inavyotengenezwa, hata sisi tusioinywa na ambao wachungaji wetu hawatapenda kuisoma hapa. Mvuke unatoka kwenye pipa, unapita katika bomba, na bomba linapita ndani ya maji baridi. Mvuke unapoa, unadondoka. Maji yakishapata moto, mama anayamwaga na kutia mengine. Sasa ndani ya kompyuta hakuna mtu wa kumwaga na kutia mengine. Ni maji yale yale, hayajazi hata chupa ya nusu lita, yanazunguka mchana kutwa. Pampu ndogo inayasukuma juu ya prosesa, ambayo ndiyo jiko la mashine. Yanachukua joto, yanapita katika mipira miwili hadi kwenye radiateri, kama ile ya lori. Ventilateri zinapuliza hewa katikati ya mapezi ya radiateri, na joto linaingia katika hewa ya chumba. Basi maji hayaui joto. Yanalibeba tu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kama hewa ya kulipokea ni ya moto, au kama sanduku limebana na hewa haipiti, maji yatazunguka na joto lake bila kusaidia kitu.

Na hewa yetu mnaijua. Mji wetu uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Saa 8 mchana joto linafika digrii 30 na kupita, na katika chumba cha mabati bila plafo linapanda zaidi. Maji ya kompyuta hayawezi hata siku moja kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa kwenye radiateri. Kwa hiyo vipimo ambavyo kijana anavisoma kwenye simu lazima avihesabu upya. Wanaojaribu masanduku Ulaya na Marekani wanayajaribu katika chumba cha digrii 20 hivi. Wakiandika kwamba prosesa ilifika 78 katika chumba cha 21, sisi tulio katika chumba cha 33 tuongeze 12, tupate 90. Prosesa nyingi za leo zikifika 95 au 100 zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Sanduku ambalo kule linaitwa “zuri lakini lina joto kidogo”, hapa litamrudishia kijana ugonjwa ule ule wa laptopu yake.

Mama wa Mangobo aliogopa pia kwamba unyevu wetu utatoa jasho ndani ya mashine kama kwenye chupa ya soda ya baridi. Hapana. Jasho linakuja kwenye kitu kilicho baridi kuliko hewa, na maji haya siku zote yana joto kuliko hewa. Hatari iko mahali pengine: mashine ikikaa saa nyingi katika sala ya ndoa yenye klimatizeri kali, kisha ikatolewa nje usiku, hapo inaweza kutoa jasho. Asubiri saa moja kabla ya kuiwasha tena.

Tuje kwenye sanduku lenyewe. Ukubwa wake unahesabiwa kwa lita, na hapo sisi wachota maji tuna faida. Sanduku la kawaida, lile refu la kusimama chini ya meza, lina lita 40, 50 na zaidi. Wanaosema “dogo” wanazungumzia lita 20 kushuka chini. Kuna moja linalojulikana sana, Cooler Master NR200, lililotoka mwaka 2020: lina lita 18 hivi. Yaani ndani ya nafasi ndogo kuliko bido yetu ya lita 20 ya njano, kijana anataka kuingiza prosesa, kadi ya picha, kisanduku cha umeme, radiateri, pampu, ventilateri na nyaya zote. Ndiyo sababu chuma tupu kina bei. Kupanga vitu vingi mahali padogo bila kuvinyima hewa ni kazi ya akili, na akili hiyo ndiyo inayolipwa. Masanduku makubwa ni rahisi kwa sababu yana nafasi ya kupoteza.

Ubao ambao vipande vyote vinakaa juu yake unaitwa ubao mama. (Hata mafundi wanajua bila mama hakuna nyumba.) Kwa sanduku dogo unatumika ubao wa sentimita 17 kwa 17, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, jina lake ni mini-ITX. Ubao huo haumpi mtu shida. Anayeleta shida ni radiateri.

Radiateri inaitwa kwa ventilateri zake. Ya 120 ina ventilateri moja ya milimita 120, ya 240 ina mbili. Lakini ile ya 240 haina urefu wa sentimita 24. Kila mwisho ina kitangi chake, kwa hiyo urefu wa kweli ni sentimita 27 na nusu hivi. Unene wake mara nyingi ni milimita 27, na ventilateri ina milimita 25, jumla 52: vidole vitatu vya mtu mzima. Vidole vitatu katika sanduku dogo ni nafasi kubwa sana.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Karatasi ya sanduku itasema: linakubali radiateri ya 240. Kweli. Itasema: linakubali kadi ya picha ndefu. Kweli. Itasema: linakubali kisanduku cha umeme cha kawaida. Kweli pia. Lakini haisemi kwamba linakubali yote matatu siku moja. Ni kama kitanda kinachotosha watoto watatu: ndiyo, mpaka mmoja wao akue. Mara nyingi ukiweka radiateri kando, lazima kadi ya picha iwe nyembamba, na kisanduku cha umeme kiwe cha aina ndogo, SFX, ambacho hapa kwetu ni vigumu kukipata kuliko kile cha kawaida. Mtu ananunua vipande vyote, anaanza kuvipanga, cha mwisho hakiingii. Na aliyeuza yuko Kinshasa au Dubai.

Washonaji wanaosoma gazeti hili tayari wanajua dawa. Hakuna anayekata kikwembe kabla ya kutengeneza patroni. Kijana achukue makartoni matupu ya sokoni, rula na mkasi. Ajenge kwanza kisanduku cha kartoni chenye vipimo vya ndani vya sanduku analotaka, siyo vya nje. Kisha akate kila kipande kwa kipimo chake cha kweli: ubao mama 17 kwa 17, radiateri na ventilateri zake 27 na nusu kwa 12 kwa 5.2, kisanduku cha umeme cha SFX 12.5 kwa 10 kwa 6.3, kadi ya picha kwa urefu na unene wake halisi. Avipange vyote ndani, akumbuke mipira ya maji haikunjwi kama uzi. Ni minene na migumu, inahitaji mzunguko mpana, na ikikunjwa kwa nguvu maji yanabanwa njiani. Kazi hiyo inachukua mchana mmoja na bei yake ni gundi. Mama, usitoe hata franka moja kabla hujaona hiyo kartoni. Ukiona vipande vinalazimishwa kwa ngumi, jibu umeshalipata.

Mkiwa mbele ya kartoni, muulize pia: pampu iko wapi, na mahali pa juu kabisa pa maji ni wapi? Swali hilo wengi hawalijui, hata wauzaji. Ndani ya maji hayo kuna hewa kidogo, na mwaka baada ya mwaka inaongezeka, kwa sababu maji yanapenya polepole sana kupitia mipira. Hewa inapanda juu siku zote. Kama sehemu ya juu ya radiateri iko juu kuliko pampu, hewa itakaa pale bila kudhuru. Lakini kama radiateri imewekwa chini ya sanduku na pampu iko juu yake, hewa itaingia kwenye pampu. Pampu itaanza kukoroma kama sufuria inayochemka, na itakufa kabla ya wakati wake. Kuna masanduku madogo yenye nafasi ya radiateri sakafuni tu. Hayo tuyakatae. Na lile linalochaguliwa, likisafiri kwa mtumbwi limelala si neno, maana limezimwa. Likiwaka lisimame jinsi lilivyotengenezwa kusimama.

Sasa niseme juu ya moto, kwa sababu nyumba zetu zimebanana na watoto wanalala chumba kile kile chenye mashine.

Mwaka 2020 kampuni ya Marekani, NZXT, ilitoa sanduku dogo linaloitwa H1. Lilisimama wima kama mnara, na lilikuja na radiateri, pampu na kisanduku cha umeme vikiwa tayari ndani. Watu walilipenda kwa sababu lilimaliza kazi yote ya kupima ambayo nimeieleza hapa. Lakini ndani yake kulikuwa na ubao mdogo wa kurefusha, unaounganisha kadi ya picha na ubao mama, na ulifungwa kwenye chuma cha sanduku kwa skurubu mbili. Skurubu hizo ziliweza kugusisha njia ya umeme na chuma. Masanduku kadhaa yalitoa moshi, mengine yakashika moto. Februari 2021 mamlaka ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kwamba H1 yarudishwe ili yatengenezwe.

Mnaona kwamba si maji yaliyowasha moto. Ni umeme uliobanwa mahali padogo. Mama aliogopa maji. Mimi ningeogopa zaidi nyaya zilizosongamana na kipande cha umeme cha bei rahisi. Na jambo la pili linatuhusu zaidi sisi: kule Marekani mtu aliandikiwa barua, akapewa kipande kipya. Hapa bidhaa inafika kwa mzunguko, imeshapita mikono mitatu, na hakuna barua inayoifuata. Nani atamwambia mama wa Kabondo kwamba sanduku alilomnunulia mtoto liliitwa lirudi miaka iliyopita? Kwa hiyo sanduku lolote la mtumba, kijana aandike jina lake kamili na atafute kama liliwahi kuitwa lirudishwe, kabla ya kulipa. Akiletewa H1, aulize kama ule ubao wa kurefusha ulibadilishwa, na auone kwa macho. Muuzaji asiyeelewa swali hilo, tumwachie sanduku lake.

Kuvuja nako kupo, sitaficha. Mwaka 2004 Apple ilitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji, na baada ya miaka baadhi zilianza kuvuja na kuharibu vipande vya ndani. Pampu na radiateri za leo zinazouzwa zikiwa zimefungwa kabisa kiwandani huvuja mara chache. Zichaguliwe hizo zilizofungwa tu. Ile namna nyingine, ya kujaza mwenyewe na kuunganisha mabomba ya kioo yenye maji ya rangi, ni pambo la watu wenye muda na pesa ya kubadili maji. Na kwa usalama, katika sanduku tuangalie kitu gani kiko chini ya viungo vya mipira. Kama ni kisanduku cha umeme moja kwa moja, tutafute mpango mwingine.

Mtu asije akafungua hiyo iliyofungwa kuongeza maji. Siyo ya Regideso, siyo ya kisima, siyo ya mvua. Ndani kuna kimiminika chenye dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu mara nyingi radiateri ni ya alumini na sahani inayogusa prosesa ni ya shaba, na metali hizo mbili zikikutana katika maji ya kawaida zinalana. Ikifa, imekufa. Garanti zake ni za miaka 3 hadi 6 hivi, na hiyo ndiyo hesabu ya kuiweka kichwani: siku moja kitu hiki kitakufa, na sanduku litabaki.

Itakuwaje siku hiyo? Hili kwangu ndilo swali kubwa kuliko yote. Radiateri mpya haiko Soko Kuu. Itatoka Kinshasa kwa ndege, au kwa boti, kilometa karibu 1,700 za mto, au itatoka mashariki kwa barabara ya Butembo tunayoijua. Wakati huo wote ndoa hazisimami, na wateja watakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mama wa Mangobo ni mmoja kuliko mingine: achague sanduku linalokubali namna zote mbili, radiateri ya maji na pia kipoza cha hewa cha kawaida kilicho kirefu, kile cha mapezi na ventilateri ambacho fundi yeyote wa Makiso anaweza kukifunga mchana ule ule. Katika karatasi ya sanduku kuna mstari unaosema urefu wa kipoza cha hewa unaoruhusiwa. NR200 inaruhusu karibu sentimita 15, hiyo inatosha. Masanduku mengine madogo yanaruhusu 5 au 6 tu. Huko maji yakifa, huna pa kukimbilia.

Lakini je, anahitaji maji kweli? Hapo mama amuulize swali moja la namba: prosesa yako inakula wati ngapi? Akijibu 65, maji ni anasa. Kipoza kizuri cha hewa kitamtosha, na pesa inayobaki iende kwenye memori na diski, ambazo kwa montaji zitamsaidia kuliko maji. Akijibu 125 na zaidi, na mashine inafanya kazi saa nyingi mfululizo, basi radiateri ina maana, na iwe ya 240. Ile ndogo ya 120 wanaiweka katika masanduku madogo sana ili waandike “maji” kwenye kartoni, lakini mara nyingi haipiti kipoza kizuri cha hewa cha bei ile ile.

Kwa haki ya kijana niseme na hili. Kipoza kikubwa cha hewa kinaweza kuwa na uzito wa karibu kilo moja, na kinaning'inia kwenye ubao mama. Katika mashimo ya barabara zetu, juu ya pikipiki, uzito huo unavuta ubao kila siku mpaka siku moja kitu kinapasuka. Radiateri ya maji imefungwa kwa skurubu kwenye chuma cha sanduku, na juu ya prosesa kuna kipande chepesi tu. Kwa mtu anayetembea na mashine, hiyo ni sababu ya kweli ya kutaka maji. Sidhani ndiyo sababu yake, nadhani ni picha, lakini ipo. Na akija kufunga kile kirefu cha hewa kwa dharura, mashine ikae nyumbani mpaka radiateri ifike.

Yaliyobaki ni mafupi. Kuta za kioo tuziache: hazipitishi hewa, na njia ya kwenda Lubunga haitaziacha nzima. Tuchukue kuta zenye matundu madogo madogo pande zote, pamoja na vichujio vinavyotoka na kuoshwa, kwa ajili ya vumbi letu jekundu. Matundu yawe madogo kweli, kwa sababu mende wanapenda sana joto la kisanduku cha umeme, na mjusi mmoja akilala kati ya nyaya mbili anatosha kuzima kila kitu. Radiateri ipigwe brashi kavu kila wiki mbili. Mapezi yakijaa vumbi ni kama mbabula iliyozibwa na majivu. Mashine isikae chini, wala kitandani. Na wamama, kile kitambaa chetu kizuri cha kufuma tunachokitandika juu ya televisheni na redio, juu ya kompyuta kiwekwe ikiwa imezimwa tu.

Tena umeme. Unaondoka na kurudi kwa kishindo, sote tunajua. Kijana ameandika taa za rangi ndani ya sanduku, lakini stabilizateri haimo katika orodha yake. Stabilizateri iwe ya kwanza, hata kabla ya prosesa. Pesa ikipungua, zikatwe taa, kisha kioo, kisha maji yenyewe. Stabilizateri isikatwe.

Kuhusu likelemba, mimi si wa kikundi chao, lakini mama aliomba maoni. Zamu ni ya mama, na mashine ni ya kazi. Basi waandike karatasi, hata ya nusu ukurasa: mama ametoa kiasi gani, na kila ndoa italeta ngapi nyumbani mpaka kiishe. Hakuna aibu kuandikiana na mtoto. Aibu ni kugombana naye mbele ya wageni. Na pesa isitolewe yote siku moja. Siku ya kwanza ya stabilizateri. Akishamaliza kartoni yake na mama ameiona, pesa ya ubao mama, prosesa na kadi. Sanduku na kipoza viagizwe mwisho, pamoja, kutoka kwa muuzaji mmoja, baada ya vipimo kuwa vya vitu vilivyo mkononi badala ya picha. Risiti zote zikae kwa mama. Na kama ni binti ndiye anayeomba, maana tunao mabinti wanaofanya kazi hii vizuri kuliko kaka zao, maswali ni yale yale na karatasi ni ile ile.

Wiki ijayo tutajibu mama wa Tshopo aliyeuliza kwa nini friza yake ya samaki inakufa kila mwaka katika mwezi ule ule. Maswali mengine mpeni katibu wa kikundi chenu siku ya mkutano.